Dhahabu Katika Kipimo cha Malaria

Chembe za nano hazionekani kwa macho, lakini zimekwisha kuingia zahanati, shambani na kiwandani. Je, jamaa zetu zifaidike nazo vipi, na zijihadhari na nini?

MDHARAU mwiba, wasema wazee wa pwani, mguu huota tende. Methali hii humwonya mtu asipuuze jambo kwa sababu ya udogo wake. Aghalabu tunaitumia tunapozungumzia madhara, lakini maana yake haiishii hapo. Jambo dogo likipuuzwa laweza kuleta hasara. Jambo dogo likieleweka laweza kuokoa maisha ya mtoto.

Msafiri atokaye Tanga mjini kwenda Pangani kwa barabara ya pwani hupita Kigombe, kijiji cha wilaya ya Muheza. Upande mmoja ipo bahari, na wavuvi na ngalawa zao. Upande wa pili yapo mashamba ya mkonge. Maji yaliyo mbele ya kijiji hiki yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyotangazwa rasmi mwaka 2009 kwa ajili ya samaki yule wa kale ambaye wataalamu walidhani amekwisha kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita.

Mtu hatarajii kukuta mambo ya elimu ya vitu vidogo mno mahali kama hapo. Hata hivyo vitu hivyo vipo, na wenyeji wanavitumia bila kuvitambua. Vimo katika tairi za basi lipitalo barabarani. Vimo katika moshi wa kuni jikoni. Navyo vimo katika kijiti cha plastiki anachokitumia mganga wa zahanati kumpima mtoto mwenye homa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayetaka kujua chembe za nano zafanya nini hana haja ya kwenda Japani wala Marekani. Aanzie hapa hapa pwani ya Tanga.

NANO NI NINI?

Neno hili latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu kibeti, wala halina uhusiano na hesabu yetu ya tano au nane. Katika elimu ya vipimo, nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Chembe inayoitwa ya nano ni ile ambayo upana wake ni kati ya nanomita 1 na nanomita 100 hivi.

Hesabu hizo ni ngumu kuziwazia, basi tulinganishe. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi, na uzi mmoja wa katani ni mnene zaidi ya huo. Chembe nyekundu ya damu, ambayo haionekani ila kwa hadubini, ina upana wa zaidi ya nanomita 7,000. Chembe ya dhahabu iliyomo katika kipimo cha malaria ina upana wa nanomita 20 hadi 40 tu. Hadubini ya kawaida ya hospitali haiwezi kuionyesha.

Lakini kwa nini udogo uwe na maana? Mama yeyote wa pwani anaijua sehemu ya jibu. Chukua nazi, uivunje, kisha utumbukize vipande vyake katika maji bila kuvikuna. Tui halitatoka la kutosha hata wali wa mtoto mmoja. Ikune nazi ile ile kwa mbuzi, uikamue, nawe utapata tui zito. Nazi haikuongezeka, kilichoongezeka ni eneo la nje linaloguswa na maji. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kinachokatwakatwa. Mchemraba wenye upana wa sentimita moja kila upande una eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Ukiweza kuukata uwe michemraba midogo yenye upana wa nanomita 10, eneo lake lote la nje litafikia mita 600 za mraba, yaani zaidi ya uwanja wa mpira wa kikapu. Kwa kuwa dawa, mbolea na vichujio hufanya kazi mahali vinapogusana na vitu vingine, eneo hilo ndilo nguvu yao.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya ajabu zaidi. Kitu kikifikia udogo huo, hata tabia yake hubadilika. Dhahabu ya mkufu ni ya manjano. Dhahabu iliyogawanywa hadi nanomita chache na kuchanganywa na maji huwa nyekundu kama juisi ya rosela. Mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, alilieleza jambo hilo mwaka 1857 baada ya kutengeneza maji ya dhahabu katika maabara yake mjini London. Alitambua kwamba rangi ile yatokana na udogo wa chembe na namna zinavyoshika mwanga.

DHAHABU ISIYOVALIWA

Sasa turudi kwenye kijiti cha zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wengi tunakiita mRDT, kina tundu moja dogo la kutilia damu, tundu la kutilia matone ya dawa, na dirisha lenye herufi T na C. Ndani yake mna ukanda mweupe unaofyonza maji kama karatasi ya kukaushia wino. Mwanzoni mwa ukanda huo zimekaushwa chembe za dhahabu, nazo zimevikwa kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwatumia kuwatambua maadui.

Damu inapotiwa pamoja na matone, maji hayo hutambaa kando ya ukanda na kuzibeba chembe za dhahabu. Ikiwa damu ina protini inayotolewa na vimelea vya malaria, askari hao huikamata. Mbele, katika mstari wa T, wamepangwa askari wengine wanaoingoja protini ile ile. Inapofika, nao huishika, pamoja na chembe ya dhahabu iliyoibeba. Chembe moja haionekani. Lakini zikikusanyika kwa maelfu na maelfu mahali pamoja, mstari mwekundu hutokea. Mstari ule, ndugu msomaji, mara nyingi ni dhahabu.

Mstari wa pili, wa C, kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo ni kizima. Usipotokea, kipimo hicho ni kibovu na majibu yake hayafai, hata kama mstari wa T umeonekana. Ukitokea wa C peke yake, maana yake malaria haikuonekana. Ikitokea yote miwili, mgonjwa ana dalili ya vimelea, hata kama mstari wa T ni hafifu. Mstari hafifu si "malaria kidogo" ya kupuuzwa. Ni jibu kamili.

Yafaa jamaa wajue mambo mengine matatu. Kwanza, kipimo husomwa kwa wakati wake, kwa kawaida baada ya dakika 15 hadi 20 kwa kadiri ya maelezo ya watengenezaji. Kukisoma mapema au kukirudia jioni kwaweza kudanganya. Pili, pakiti ya kipimo haifunguliwi mpaka saa ya kukitumia, kwa kuwa unyevunyevu wa pwani huharibu kilichomo. Tatu, protini inayotafutwa na vipimo vingi yaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo aliyemaliza dawa juzi akipimwa tena na kuonekana mstari, asikimbilie kusema dawa imeshindwa. Mganga ataamua, pengine kwa kutumia hadubini.

SI KILA HOMA NI MALARIA

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na mistari, na hali homa tunaijua? Jibu limo katika historia ya mkoa wa Tanga wenyewe. Katika miaka ya 1950, katika kijiji cha Mkuzi wilayani Muheza, wataalamu waliona vimelea vya malaria vikizoea dawa ya pirimethamini muda mfupi baada ya kuanza kutumiwa. Hiyo ilikuwa miongoni mwa ishara za mwanzo katika Afrika kwamba mdudu huyu hujifunza. Baadaye klorokwini, ambayo kizazi kizima kiliimeza kwa uchungu wake na mwasho wake, nayo ikashindwa. Mwaka 2001 nafasi yake kama dawa ya kwanza ikachukuliwa na SP, na mwaka 2006 nchi ikaingia katika dawa mseto ya ALu. Leo, katika mkoa wa Kagera, wataalamu wamekwisha kuona vimelea vinavyochelewa kuondoka mwilini mbele ya dawa ya aina hiyo. Dawa inayotolewa ovyo ni shule ya vimelea.

Lipo pia jambo la kusikitisha zaidi. Mtoto anayepewa dawa ya malaria ilhali anaumwa kichomi anapotezewa siku mbili au tatu ambazo zingemwokoa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Lakini kipimo peke yake hakitoshi kama hakiaminiwi. Utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria walipewa dawa za malaria hata hivyo.

Lawama hiyo si ya waganga peke yao. Wazazi wengi huondoka zahanati kwa manung'uniko wakiambiwa kwamba mtoto hana malaria, na wengine hupitia duka la dawa njiani na kununua dozi. Ni sawa na mtu kuuliza njia, akaonyeshwa, kisha akafuata nyingine. Inayofaa ni kuuliza swali la pili: "Kama si malaria, basi homa hii ni ya nini?" Na mtoto akizidi kuwa na homa, kupumua kwa shida, kukataa kunyonya au kulegea, arudishwe hospitali bila kukawia, hata kama alipimwa jana.

Haki yataka tuseme pia kwamba kipimo hiki kina mipaka. Katika Eritrea, Ethiopia na Jibuti wameonekana vimelea visivyotoa ile protini inayotafutwa, na hivyo kupita bila kutambuliwa. Ndiyo sababu wataalamu huendelea kuvichunguza vipimo vyenyewe.

CHANJO NA DAWA

Dhahabu ya kipimo ni mwanzo tu. Mtoto apelekwaye kliniki kwa chanjo ile ya magonjwa matano hupewa, ndani ya sindano hiyo, kinga ya homa ya ini aina ya B. Kiini cha kinga hiyo ni vitufe vya protini vyenye upana wa nanomita 22 hivi, vinavyofanana na ganda la kirusi lakini havina kirusi ndani. Mwili huliona ganda, hujiandaa kwa vita, na mtoto haumwi.

Kwa ufundi huo huo ilitengenezwa chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S. Wataalamu waliunganisha kipande cha protini ya kimelea cha malaria na protini ya ganda lile, na vikajikusanya vyenyewe kuwa chembe za nano. Majaribio yake makubwa yalifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459. Vituo viwili vilikuwa Tanzania: Bagamoyo, na Korogwe katika mkoa huu wa Tanga. Watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne walipungukiwa na matukio ya malaria kwa kiasi cha asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Haikuwa kinga kamili, lakini Shirika la Afya Duniani liliikubali Oktoba 2021. Oktoba 2023 likaikubali ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa vituo vyake. Wazazi wa Korogwe waliowapeleka watoto wao katika majaribio hayo wana fungu lao katika ushindi huu.

Njia nyingine ni kuifunga dawa ndani ya kitufe cha mafuta. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilitumia vitufe vya namna hiyo, vyenye upana wa karibu nanomita 100, kulinda ujumbe dhaifu ambao ungeharibika kabla ya kuingia katika chembe hai za mwili. Kadhalika, dawa ya kale ya amfoterisini B, inayotumika dhidi ya homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, ilijulikana kwa kuumiza figo. Ikifungwa katika vitufe vya mafuta hupunguza madhara hayo. Majaribio yaliyofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini yalionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa iliyofungwa hivyo, ikifuatana na vidonge vya dawa nyingine kwa wiki mbili, yafaa kama tiba ya zamani ya sindano za kila siku kwa wiki nzima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa familia inayouguza, tofauti ya sindano moja na sindano saba si ndogo.

MTANZANIA NA MAJI YA KUNYWA

Wapo wanaodhani kwamba elimu hii ni ya wageni tu. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea elimu ya chembe za nano hadi shahada ya udaktari nchini Korea ya Kusini, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Huko alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga, ambao mabibi zetu waliujua, na chembe za nano zinazonasa vitu ambavyo mchanga hauwezi kuvizuia. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000.

Busara ya kazi hiyo imo katika jambo moja: chujio hutayarishwa kwa kufuata uchafu uliomo katika maji ya mahali penyewe. Katika Arusha na sehemu za Kilimanjaro maji yana madini ya floridi kwa wingi, yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mtu wa Kigombe, ambaye hofu ya kisima chake ni maji ya chumvi, asidhani kwamba kila chujio litamfaa. Kuondoa chumvi ya bahari kwahitaji mitambo ya namna nyingine. Maji hupimwa kwanza, ndipo dawa yake itafutwe. Ni somo lile lile la homa na kipimo.

KIWANDANI NA KATIKA MKONGE

Viwandani, chembe za nano zilitangulia jina lake. Tairi la gari ni jeusi kwa sababu mpira wake umechanganywa na unga wa kaboni, yaani masizi yaliyotengenezwa kwa uangalifu, yenye chembe za makumi ya nanomita. Zaidi ya miaka 100 sasa masizi hayo ndiyo yanayolifanya tairi lisilike upesi. Wino mweusi wa waandishi wa kale, uliotokana na masizi na gundi, ulikuwa na chembe za jamii hiyo. Rangi za nyumba na mafuta ya kukinga ngozi na jua, ambayo ni ya lazima kwa ndugu zetu wenye ualbino, hutumia unga laini wa zinki au titani.

Na mkonge, je? Historia yake yafahamika. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai pwani ya Pangani ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoujaza mkoa mzima. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na uzalishaji haujakaribia tena kiasi hicho.

Sasa wataalamu wa nchi mbalimbali wameonyesha kwamba uzi wa katani, ukiondolewa gundi yake ya asili, waweza kupasuliwa hadi kuwa nyuzinyuzi zenye upana wa nanomita chache, zilizo imara mno kwa uzito wake. Nyuzi hizo huweza kuimarisha plastiki, karatasi na vifungashio. Hadi sasa kazi hiyo imefanyika zaidi katika maabara kuliko viwandani, wala hatusemi kwamba kesho itauamsha mkonge. Lakini Tanga imekwisha kuonja uchungu wa kuuza uzi mtupu na kungoja bei ya wengine. Ikiwa uzi huu utapata kazi mpya, vijana wa mkoa huu wanaosoma kemia na uhandisi wasiwe watazamaji.

SHAMBANI: AHADI NA HESABU

Katika kilimo kuna mambo ya kutia moyo na ya kutia shaka. Anayepita Muheza wakati wa msimu huona machungwa yakioza kando ya barabara kwa kukosa wanunuzi kwa wakati. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilishirikiana na vyuo vya Kanada, India, Kenya na kwingineko katika kujaribu heksanali, kitu cha asili kinachotoa ile harufu ya majani yaliyokatwa. Kikichanganywa na maji kwa matone madogo mno na kunyunyiziwa matunda, huchelewesha kulainika kwake. Siku chache za ziada ni tofauti ya mkulima kuuza na mkulima kutupa.

Lakini tazama mfano wa pili. Mwaka 2021 ushirika mkubwa wa mbolea nchini India ulianza kuuza chupa za yurea ya nano, zikiwa na ahadi kwamba chupa ya nusu lita yatosha badala ya mfuko wa kilo 45. Tufanye hesabu ya dukani. Mfuko una nitrojeni kilo 20 na ushei. Chupa, yenye nitrojeni asilimia 4, ina gramu 20 hivi, yaani sehemu moja katika elfu. Wauzaji walisema majani huifyonza bila kupotea. Wataalamu wa nje waliihoji hesabu hiyo, na majaribio ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab yakaonyesha kwamba mavuno ya mpunga na ngano yalipungua kwa wakulima waliopunguza mbolea ya kawaida kwa kuitegemea chupa. Mmea, kama mtoto, haushibi kwa jina la chakula.

UDOGO WENYE MADHARA

Kitu kinachoweza kupenya kuleta dawa chaweza pia kupenya kuleta maradhi. Moshi wa kuni, wa koroboi na wa magari ya dizeli umejaa chembe za udogo huu, ambazo hazizuiliwi na vinyweleo vya pua bali hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mama anayepika katika jiko lisilo na dirisha, na mtoto mgongoni, huvuta chembe nyingi kuliko atakazokutana nazo katika bidhaa yoyote ya kisasa. Kufungua upenyo juu ya jiko, kupikia mahali penye hewa, na kutumia kuni kavu au gesi inapowezekana, ni kinga ya mara moja.

Wafanyakazi wa viwanda vya rangi, mpira na saruji wasiudharau unga mwepesi unaoelea hewani. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Kifaa kinachofaa na mashine ya kufyonza vumbi ni haki yao, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi upo kwa ajili hiyo. Fedha ya nano, inayotiwa katika bandeji za vidonda vya moto kwa faida ya kweli, hutiwa pia katika soksi na mashati. Huko hutoka wakati wa kufua na kuelekea mtoni na baharini, na wavuvi wa pwani wana kila sababu ya kuuliza mwisho wake.

MASWALI MATATU YA MNUNUZI

Siku hizi neno "nano" huandikwa juu ya chupa za dawa za nguvu, sabuni, mbolea na hata vikombe vya "maji ya uhai". Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kutoa fedha, jamaa waulize maswali matatu. Kitu hiki chafanya kazi gani hasa, na kwa njia gani? Ni nani, asiye mwuzaji, aliyekipima? Na baada ya kutumika, mabaki yake yaenda wapi? Dawa na vipimo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mbolea na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Mwuzaji asiyeweza kuonyesha usajili, jina zuri halimsafishi.

Kipimo cha malaria kinayajibu maswali hayo yote matatu. Kazi yake yafahamika, kimepimwa na wengi, na kikiisha kutumika hutupwa katika chombo maalumu cha taka za hospitali. Inabaki sehemu yetu, nayo ni rahisi: mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku ile ile, dakika zingojwe hadi zitimie, na jibu lifuatwe, liwe la ndiyo au la siyo.